Mtu Aliyepima Chakula cha Mti

Kwa karne nyingi wenye elimu wa Ulaya walisadiki, kwa kufuata vitabu vya Wayunani wa kale, kwamba mti hula udongo. Jan Baptist van Helmont, tabibu wa Brussels, alitaka mizani iseme. Alikausha ratili 200 za udongo, akazitia katika chungu kikubwa, akapanda mche wa ratili 5, akawa akiunywesha maji ya mvua. Baada ya miaka 5 mti ulifika ratili 169; udongo ulipungua wakia 2 tu! Akahukumu kwamba mti wote ni maji. Hakuihesabu hewa, na ajabu ni kuwa neno “gesi” alilibuni yeye mwenyewe. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1648, naye amekwisha kufa. Wala hakuzijali zile wakia 2, ingawa mti huchota chumvi kidogo za udongo, zilezile ambazo mkulima huzirudisha shambani kwa samadi.