Nyimbo za joto kutoka Japani na Marekani: nini cha kusikiliza mwezi wa saba na wa nane

Mwezi wa saba, mjini Lubumbashi watu wanatoka asubuhi na makoti, na kule Goma na Bukavu vumbi linapanda. Wakati huohuo mjini Tokyo jua linachoma na jasho halikauki. Ndiyo maana Wajapani wako na nyimbo nyingi za majira ya joto: za bahari, za barabara, za gari lenye madirisha wazi. Kwa yule aliyebakiwa na mega kidogo katika simu, hizi hapa chache zinazostahili kutafutwa.

Wa kwanza ni Tatsuro Yamashita. Wimbo wake « Ride on Time » wa mwaka 1980 ulijulikana kupitia tangazo la kaseti za Maxell, na albamu « For You » ya mwaka 1982 inafunguliwa na « Sparkle », wenye gitaa ambalo mpenzi wa sebene atalitambua kwa furaha: safi, kavu, la kuruka. Mwaka 1979 Sony ilikuwa imetoa Walkman, inchi ilikuwa na pesa, na watu walitaka muziki wa kubeba katika gari na ufukweni. Muziki huo unaitwa city pop. (Gari za Japani tunaziona hapa kila siku, na redio zao zinazokataa kupita 90 FM. Nyimbo zenyewe hazikusafiri nazo.)

Yamashita alijifunza mengi kutoka kwa Beach Boys wa California. Katika albamu « Big Wave » ya mwaka 1984 aliimba kwa Kiingereza nyimbo zao kadhaa, kama « Please Let Me Wonder ». Zisikilizwe zote mbili, ya kwao na ya kwake. Ya kwao inabaki juu, lakini kwa kidogo tu. Ajabu ni kwamba katika kundi hilo lililoimba sana juu ya kuteleza juu ya mawimbi, ni mpiga ngoma Dennis Wilson peke yake aliyeujua vizuri mchezo huo, na ndiye aliyekufa maji, mwezi wa 12 mwaka 1983. Kaka yake Brian, mtunzi mkuu, alifariki mwezi wa sita 2025.

« Plastic Love » ya Mariya Takeuchi, mke wa Yamashita, ilitoka mwaka 1984 bila kelele kubwa. Zaidi ya miaka 30 baadaye YouTube ikaanza kuwapendekezea vijana wa dunia nzima, wengi wao wasiojua hata neno moja la Kijapani.

Hadithi ya Miki Matsubara inaumiza zaidi. « Mayonaka no Door » ilikuwa wimbo wake wa kwanza, mwaka 1979, akiwa na miaka 19. Mwaka 2020 ulipamba moto kwenye TikTok, wasichana wakiwawekea mama zao Wajapani na kuwatazama wakishtuka na kuanza kuimba. Matsubara hakuona lolote kati ya hayo. Kansa ilimuua mwaka 2004, akiwa na miaka 44. Kusema kweli, maneno ya wimbo huo yanataja baridi, si joto. Kwa asubuhi za Lubumbashi unafaa sana.

Lakini kama kuna mega za wimbo mmoja tu, basi uwe « Ue o Muite Arukō » wa Kyu Sakamoto, wa mwaka 1961. Jina linasema juu ya kutembea ukitazama juu, ili machozi yasidondoke. Mwandishi wa maneno, Rokusuke Ei, aliyapata akirudi nyumbani kutoka kwenye maandamano dhidi ya mkataba wa ulinzi na Marekani, maandamano yaliyoshindwa. Wazungu waliona jina hilo ni gumu, wakaubatiza « Sukiyaki », ambayo ni chakula cha nyama ya ng'ombe. Ni kama kuita wimbo wa msiba « Pondu ». Hata hivyo, mwezi wa sita 1963, katikati ya joto la Marekani, ulikaa namba moja kwa majuma matatu, ukiimbwa kwa Kijapani.

Tarehe 12 mwezi wa nane 1985, ndege iliyotoka Tokyo kwenda Osaka ilianguka mlimani na kuua watu 520. Sakamoto alikuwa ndani, na miaka 43.

Kwa vijana ambao haya yote ni ya zamani mno, mlango uko: « Out of Time » ya The Weeknd, ya mwaka 2022, imejengwa juu ya « Midnight Pretenders » ya Tomoko Aran, ya mwaka 1983. Waanze na mpya, kisha warudi nyuma. Ila Yamashita asitafutwe kwenye Spotify: kwa miaka mingi amekataa kuziweka nyimbo zake huko.