Mkataba Kwanza, Safari Baadaye

Mzazi mmoja wa Nyalenda, mjini Kisumu, ametuletea swali linalowahusu wazazi wengi, tangu ukingo wa Ziwa hadi huku kwetu Pwani. Binti yake ameahidiwa kazi ya nyumbani Saudia. Wakala anataka fedha za viza na tiketi, na asema mkataba utatolewa siku ya safari, uwanja wa ndege. Familia iko tayari kuuza ng'ombe. Je, wauze?

Jawabu letu ni kwamba wasiuze, wala wasitoe pasipoti, hadi mkataba uwe umesomwa, umefahamika na umeshuhudiwa.

Wanazuoni wa fiqhi, katika mlango wa ijara, hushurutisha kazi ijulikane na ujira ujulikane. Yasipojulikana hayo, mapatano huingiwa na gharari. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, imekuja kutufundisha kuandikiana na kushuhudisha.

Sheria ya Kenya haiko mbali na mafundisho hayo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mkataba wa kazi ya ng'ambo utiwe saini na pande zote mbili, kisha uthibitishwe na afisa wa kazi. Afisa huyo hauthibitishi mpaka aridhike kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari, bila ya kulazimishwa wala kudanganywa. Kwamba ameyafahamu masharti. Na kwamba ana afya ya kuifanya kazi hiyo. Mwajiri asiyekaa Kenya hutakiwa kuweka dhamana yenye mdhamini aishiye humu nchini. Hiyo ndiyo kafala kama ilivyo katika vitabu vyetu: mtu kujifunga kubeba haki ya mwenziwe, si mwajiri kumfungia mfanyakazi pasipoti sandukuni.

Wakala naye ana mipaka yake. Ni lazima asajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ijulikanayo kama NEA, na leseni yake iwe hai. Kanuni za mawakala za mwaka 2016 zimeweka gharama za viza na nauli ya ndege juu ya mwajiri. Basi ng'ombe wa Nyalenda anatakiwa alipe deni la tajiri wa Saudia! Na anayempeleka mtu kazini ng'ambo bila ya mkataba uliothibitishwa ametenda kosa la jinai.

Masharti haya yana sababu. Mwaka 2014 serikali ilifuta leseni za mawakala 930, kufuatia malalamiko ya wafanyakazi waliodhulumiwa Mashariki ya Kati.

Kwa hivyo mzazi aanze kwa kulihakiki jina la wakala katika orodha ya NEA. Kisha afuatane na binti hadi ofisi ya kazi, mkataba usomwe kwa lugha anayoifahamu, na nakala ibaki nyumbani ikiwa na jina la mwajiri, anwani, mshahara na siku ya mapumziko. Wakala mkweli hachukizwi na maswali, anayechukizwa ameshajieleza.

Hatukatazi kusafiri kutafuta riziki ya halali. Tunachokataza ni kumtoa mtoto mikononi mwetu ilhali hatujui anakwenda kwa nani, kwa kazi gani, na kwa ujira gani. Allah awahifadhi wasafiri wetu, na awarudishe salama. Amin.