Saa Kumi na Moja Alfajiri, Tumbo Tupu

Mzunguko wa nne ulimshinda kijana mmoja. Akaacha njia, akashika mlingoti wa goli kwa mikono miwili na kuinama kama anayetafuta sarafu nyasini. Kocha akamwita mvivu. Mimi nilikuwa pembeni na daftari langu, nikamuuliza swali moja tu: jana ulikula saa ngapi? Saa kumi na mbili na nusu jioni, mwalimu, ugali na kabichi. Sasa ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili asubuhi.

Mwili huweka akiba ya wanga mahali pawili. Misuli ina ghala kubwa, gramu 400 hivi kwa mtu mzima aliyekula vizuri, lakini misuli ni bahili: ikishaweka, haikopeshi kiungo kingine. Ini nalo lina kighala kidogo cha gramu 100 hivi, na hicho ndicho kinacholisha ubongo usiku kucha wewe ukikoroma. Alfajiri kimebaki makombo. Mtu akianza kukimbia kwa kasi katika hali hiyo, anaweza kuona nyota na kuhisi miguu imegeuka magogo. Nilimpa kijana ndizi mbili na kikombe cha chai yenye sukari. Baada ya nusu saa alikuwa uwanjani akiwatania wenzake.

Wazazi huniuliza mkimbiaji anahitaji chakula gani maalumu. Mwaka 2004 watafiti wakiongozwa na Vincent Onywera walichapisha matokeo ya kupima chakula cha wakimbiaji 10 wa kiwango cha juu nchini Kenya kwa siku saba. Walichokikuta ni ugali, wali, viazi, maharagwe, kabichi, mkate, maziwa na chai. Robo tatu ya nguvu waliyopata ilitoka kwenye wanga. Ugali peke yake ulichangia karibu robo, na sukari, ileile ya kwenye chai, kama sehemu moja ya tano. Daktari wa meno atakunja uso, lakini kwa anayekimbia asubuhi na jioni, sukari ile ni kuni. Mimi kilichonivutia zaidi ni kwamba watu hao walikula mara tano kwa siku.

Hapo ndipo shule zetu za bweni zinapopotea. Chakula chenyewe mara nyingi kinatosha kuanzia. Mwanafunzi wa kilo 50 anayefanya mazoezi kila siku anahitaji kama gramu 300 za wanga. Robo kilo ya unga wa mahindi inampa karibu 190. Uji, mkate na viazi vitamalizia. Githeri nayo, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, hudharauliwa bure. Mahindi yana upungufu wa lisini, kijenzi kimoja cha protini, na maharagwe yanayo tele. Vikikutana sufuriani, kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Kijana mwenye githeri ya kushiba na kikombe cha maziwa hana haja ya kopo la unga wa protini linalouzwa kwa bei ya mbuzi.

Basi kabla ya mazoezi ya alfajiri apate kitu chepesi: kikombe cha uji, au ndizi. Akimaliza, asisubiri mpaka mapumziko ya saa nne; ale ndani ya saa moja, kwani wakati huo misuli hupokea wanga kwa pupa.

Kwa wasichana nina la ziada, na ni la chai. Nimewaona wakiteremsha maharagwe na sukuma wiki kwa chai ya majani, kijiko kwa funda. Chai hiyo huyakamata madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharagwe, mengi yakapita bila kuingia mwilini. Mkimbiaji mwenye upungufu wa chuma huhema mapema hata kama mapafu ni mazima. Chai isogezwe saa moja au mbili mbele, na pale mezani ikamuliwe ndimu au liliwe chungwa, maana vitamini C hufanya kinyume cha chai.

Kuna ishara nyingine, na hunikera inapopuuzwa: msichana kukosa hedhi miezi mitatu mfululizo. Nimewahi kusikia kocha akiisifu kama dalili ya mazoezi kukolea. Kama si mimba wala ugonjwa, mara nyingi ni mwili unaozima taa moja moja kwa sababu chakula hakilingani na kazi. Mifupa ndiyo hulipa deni, na nyufa za muundi hufuata. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililieleza tatizo hilo mwaka 2014, ikionya kwamba wavulana nao hawajasalimika. Msichana wa namna hiyo apelekwe kliniki, na sahani yake iongezwe.

Nikirudi kwa kijana wa mlingoti wa goli, tulizungumza na mpishi wa shule. Huamka saa kumi kuwasha kuni za chai ya shule nzima, akakubali kutanguliza sufuria ndogo ya uji. Siku hizi wakimbiaji hunywa wakiwa wamesimama, migongo ukutani, kila mmoja na kikombe chake cha plastiki. Yule kijana hupenda kuongeza sukari kijiko cha tatu. Namwacha.