Je, Wajua? Tangazo la Kuondoa Nywele na Mkono wa Serikali

Je, wajua kwamba wanawake wa Marekani waliwahi kuuziwa sumu ya panya kama kipodozi? Mwanzoni mwa miaka ya 1930, krimu ya Koremlu ilitangazwa kuwa huondoa nywele bila madhara. Ndani yake mlikuwa na thaliamu, sumu hiyo ya panya. Nywele zilitoka kweli, hata za kichwani, kwa kuwa sumu ilikuwa imeenea mwilini. Kuna waliopooza, kuna waliopoteza nuru ya macho. Serikali ilitazama tu: sheria ya 1906 ilihusu chakula na dawa, si vipodozi. Kilichoifilisi kampuni ni kesi za walioumizwa.

Je, wajua kwamba kabla ya hapo saluni ziliondoa nywele kwa eksirei? Wateja wa mashine za Tricho waliahidiwa ngozi laini. Miaka ilipopita wengine walipata saratani ya ngozi.

Je, wajua kwamba mwaka 1938 Marekani ilipitisha sheria mbili? Moja iliipa mamlaka ya chakula na dawa, FDA, usimamizi wa vipodozi. Nyingine iliipa tume ya biashara, FTC, nguvu dhidi ya matangazo ya uongo ya vipodozi. Hata hivyo, FDA haikuweza kuamuru kipodozi hatari kiondolewe sokoni mpaka sheria ya Desemba 2022. Miaka 84! Huko ni kuwachelewesha wanunuzi mno.

Je, wajua kwamba muuzaji akidai nywele hazitarudi tena, sharti awe na ushahidi kabla ya kutangaza? Kampuni ya Removatron iliuza kwa wenye saluni kibano cha mawimbi ya redio, eti huua mzizi wa unywele. FTC ilidai utafiti wa kisayansi uliodhibitiwa vizuri, na mwaka 1989 mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo. Uamuzi huo naupenda: mzigo wa kuthibitisha ulimwangukia aliyetoa ahadi, si aliyelipa.

Na leza? Mashine nyingi zimeruhusiwa na FDA kwa “kupunguza nywele kwa kudumu”, maana yake zinazoota upya huwa chache. Hazikuruhusiwa kuahidi kuzimaliza.

Njia ambayo FDA huihesabu kuwa ya kudumu ni ya umeme, iliyoelezwa mwaka 1875 na Dkt. Charles Michel wa St. Louis kwa ajili ya kope zinazochoma jicho. Sindano huingizwa kwenye kila shina, unywele mmoja mmoja, na mteja hurudi kwa mtaalamu mara nyingi kabla kazi haijaisha.