Ufunguo Unalala Wapi?

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, lakini mimi nimeielewa mwaka huu tu. Aliyenifundisha si mwalimu bali ni shangazi yangu, muuza omena hapa sokoni Sondu.

Mimi ni kiranja wa bweni. Likizo ya Aprili nilimsimulia Shangazi jinsi wizi wa mablanketi ulivyokwisha tangu nianze kutia kufuli mlangoni kila usiku.

"Na ufunguo unalala wapi?" akauliza.

"Chini ya mto wangu, Shangazi," nikajibu kwa maringo.

Alinyamaza kitambo. "Na siku moshi ukikuwahi kabla hujaamka, je?"

Ndipo akanieleza. Zamani zao za bweni, hatari iliyoogopwa ni ya kutoka nje. Basi madirisha yalitiwa vyuma na milango ikapigwa kufuli. Usiku wa kuamkia Machi 26, 1998, moto ulizuka katika bweni la wasichana la Bombolulu, Kwale. Wasichana 26 walikufa. Shangazi na wenzake waliposikia redioni, walimwendea matroni wao. "Nikiacha wazi, na wezi je?" akawajibu. Kufuli likabaki. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 waliteketea Kyanguli, Machakos. Huko nako mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana vyuma.

Siku hizi tuna mwongozo wa usalama uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008. Unataka vitanda viachane metre 1.2 na njia ya kupita iwe metre 2. Bweni liwe na mlango kila upande na wa dharura katikati, upana usiopungua futi 5. Milango ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na vyuma. Kwani kwa nje kuna nini? Ni kwamba watu wakisukumana kwa hofu, mlango unaovutwa ndani haufunguki tena. Na moshi huua hata kabla ya moto kufika. Ndiyo maana tunaambiwa tutambae, kwa kuwa hewa safi huwa chini.

Hata hivyo, karatasi haifungui mlango. Septemba 2024, wavulana 21 walikufa bwenini Hillside Endarasha, Nyeri.

Shule ilipofunguliwa, wanachama wawili wa chama chetu tulichukua futi kamba tukapima bweni letu. Baadhi ya vitanda vilikuwa vimegusana. Mlango wa dharura ulikuwepo, lakini nyuma ya rundo la masanduku! Tulimwambia mwalimu wa zamu, na jioni hiyo hiyo masanduku yakaondolewa, vitanda vikatenganishwa. Kufuli nililitoa kwa mkono wangu mwenyewe. Vyuma vya madirisha bado vipo. Tumeandika barua na tunangoja jibu.

Wenzangu wengine walinung'unika. Sitawaficha: mablanketi mawili yamepotea tangu hapo, moja likiwa langu. Lakini blanketi hununuliwa Sondu siku yoyote ya soko. Mwenzako hauzwi popote.

Basi nawe msomaji, kabla taa hazijazimwa leo, inuka uangalie mlango wa bweni lako. Kisha uulize bila aibu: ufunguo unalala wapi?