Fahamu: Vita vya Ukraine vilivyofika kwenye alizeti ya Singida

Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 24, 2022, wengi waliviona kama vita vya Wazungu wenyewe kwa wenyewe. Lakini nchi hizo mbili ndizo zinazoongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti. Bandari za Ukraine kwenye Bahari Nyeusi zilipofungwa, mafuta ya kula yalipanda bei hata Tanzania, ambayo sehemu kubwa ya mafuta yake huagizwa nje. Serikali ikalegeza ushuru wa mafuta hayo ili kumnusuru mlaji. Mafuta ya nje yalipoingia kwa urahisi zaidi, msimu wa 2023 bei ya alizeti ya ndani ikaporomoka, na wakulima wa mkoa wa Singida, kuanzia Iramba hadi Ikungi, wakalalamika kwamba gunia halirudishi hata gharama za shamba.

Wapo watakaosema lawama si ya vita peke yake, kwa kuwa Aprili 2022 Indonesia nayo ilizuia kuuza nje mafuta ya mawese, na kulegeza ushuru ni uamuzi wetu. Ni kweli. Hata hivyo, uamuzi huo ulifanywa chini ya shinikizo lililoanzia Moscow. Taifa kubwa likituma majeshi kwa jirani, gharama haziishii mpakani. Hufuata njia za biashara. Singida haiwezi kusimamisha vita, ila Tanzania inaweza kupunguza makali yake: mbegu bora, viwanda vya kukamua vinavyofanya kazi mwaka mzima, na ushuru usioyumba kila msimu.