Amplifaya ya valvu ikinguruma, tafuta chanzo kabla ya kununua vipuri

MWEZI uliopita mfanyabiashara mmoja anayekodisha vyombo vya muziki hapa Buswelu, Manispaa ya Ilemela, aliniita nyumbani kwake nimsaidie kupiga hesabu. Alikuwa na amplifaya ya gitaa ya zamani, ile ya valvu za kioo, aliyoinunua kwa kwaya moja iliyokuwa imepata vyombo vipya. Ilikuwa ikinguruma kiasi kwamba mteja wa harusi alitaka arudishiwe malipo ya awali. Fundi wa kwanza alikuwa amemshauri abadilishe valvu zote. Swali lake kwangu lilikuwa moja: je, hiyo fedha itarudi?

Nilimjibu kuwa hesabu hiyo haiwezekani kabla ya kujua kinachonguruma ni nini.

Wasomaji wenye umri wataikumbuka mitambo hii. Bendi za dansi za miaka ya 1960, kama NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, zilipiga magitaa ya umeme wakati ambapo amplifaya nyingi zilizotoka Ulaya na Marekani zilikuwa za valvu. Wapigaji wengi bado wanaipenda sauti yake nene, ndiyo maana haijakosa wateja. Tofauti ni kwamba vyombo vya NUTA vilikuwa mali ya chama. Mkodishaji wa Buswelu anatengeneza kwa fedha yake mwenyewe.

Tuseme amplifaya imenunuliwa kwa Sh500,000 na inakodishwa kwa Sh30,000 kwa siku. Itahitaji kutoka mara 17 ndipo irudishe fedha ya kuinunua. Ukiongeza valvu mpya za Sh250,000, umeongeza safari zaidi ya nane. Na kama valvu hazikuwa tatizo, umelipa na mngurumo uko palepale.

Kwa hiyo tulimtafuta fundi mwingine, tukaanza na vipimo visivyogharimu kitu. Kwanza tulichomoa waya wa gitaa. Kelele ingekoma hapo, tatizo lingekuwa gitaa au waya wake, na waya mbovu ndio ugonjwa wa kawaida kuliko yote. Haikukoma. Kisha tukasikiliza jirani. Mashine ya kuchomelea vyuma, taa za tyubulaiti na chaja za bei ya chini huchafua umeme wa laini nzima. Fundi wa mageti wa nyumba ya pili alipokwenda kula, mchirizo fulani ukatoweka, lakini mngurumo mzito ukabaki.

Kipimo cha tatu ndicho kilichotuonyesha njia. Zungusha nobu ya sauti mpaka sifuri. Kelele ikipungua pamoja nayo, chanzo kiko mwanzoni, kwenye valvu ndogo zinazopokea gitaa. Isipobadilika, chanzo kiko mbele ya nobu, mara nyingi upande wa umeme. Yetu haikubadilika hata kidogo.

Hapa panahitaji maelezo. Umeme wa TANESCO hupiga mizunguko 50 kwa sekunde. Ukishageuzwa ndani ya amplifaya uwe wa kwenda upande mmoja, hubaki na mawimbi 100 kwa sekunde, na kazi ya kapasita kubwa ni kuyalainisha. Kapasita hizo zina majimaji ndani. Baada ya miaka 15 au 20, hasa chombo kikikaa stoo bila kuwashwa, hukauka, na mawimbi yale hutokea kwenye spika. Za mfanyabiashara wetu zilikuwa zimevimba, na mende walikuwa wamezaliana katikati yake.

Baada ya hapo fundi aliongeza sauti kidogo, akagonga kila valvu taratibu kwa ncha ya penseli. Ile ya karibu na jeki ya gitaa ililia kama kengele. Hiyo moja tu ndiyo ilikuwa mbovu. Ni ya aina ya ECC83, ambayo Wamarekani huiita 12AX7, na bado inatengenezwa Urusi, Slovakia na China, hivyo kupatikana si shida. Mikwaruzo iliyosalia ilitoka kwenye nobu na soketi zilizoshika kutu na vumbi. Dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme iliimaliza.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, ishia kwenye vipimo vya nje. Ndani kuna volti 300 na zaidi, na kapasita huendelea kuzihifadhi hata plagi ikiwa imechomolewa. Fundi wetu alizipunguza nguvu kwa rezista, akapima kwa mita, ndipo akaingiza mkono. Usiiwashe amplifaya ya valvu bila spika kuunganishwa, kwani transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, na hiyo ni ghali kuliko valvu. Iliyotengenezwa kwa volti 120 za Marekani inahitaji transfoma ya kushusha umeme wetu wa volti 230.

Kuna ujanja mmoja nimeuona ukumbini ambao sitaunyamazia. Watu hukata waya wa ethi kwenye plagi ili mngurumo utulie. Kweli, wakati mwingine hutulia. Lakini nyuzi za gitaa zimeungana na bodi ya amplifaya, na hitilafu ikitokea umeme hupita kwa mpigaji mwenyewe. Ukinunua chombo cha zamani chenye waya mbili tu, weka ya tatu kabla hujakipangisha kwa mtu.

Kapasita, valvu moja, dawa ya kusafishia na ufundi havikufika nusu ya alichotajiwa mwanzo. Kelele ndogo kama ya upepo imebaki, nayo ni ya kawaida kwa valvu. Gitaa likianza kupigwa haisikiki. Ndani ya kifuniko ameandika kwa kalamu tarehe kapasita zilipobadilishwa, na Jumamosi iliyofuata amplifaya ilikwenda harusini Nyakato kwa bei ileile.